Mandari ya Kidichi na Tiketi Zangu Ishirini

Nianze na aibu ndogo, kubwa itafuata. Mimi ndiye niliyewaalika wanawake ishirini wa mtaa wetu kwenda mandari kwa vikaratasi, na vikaratasi hivyo nikampa dobi avipeleke pamoja na nguo alizokwisha kupiga pasi. Mtu wa mjini Unguja akifika hapa atafunika uso kwa mkono. Asiyekuwa wa kwetu avumilie kidogo, nitamweleza.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Skuli nilitolewa mapema, kama walivyotolewa wasichana wengi wa rika langu, mara tu nilipoanza kuonekana mkubwa. Yaliyobaki nilijifundisha mwenyewe ghorofani, kwa magazeti yaliyofungiwa sukari na kwa kamusi ya Kiingereza iliyokatika mwishoni, na mpaka leo maneno ya herufi za mwisho mwisho hunitia wasiwasi. Nilikuwa mtu wa kuandika ukurasa mmoja mara tano kwa sababu ya tone la wino. Nikidhani hiyo ndiyo elimu.

Mwaka huo nilifanya mtihani wa kuingia mafunzo ya ualimu, nikapita. Ikaja karatasi. Ilitaka saini moja tu, ya mlezi wangu, na irudishwe kabla ya mwezi kwisha. Baba alikuwa keshafariki. Mlezi wangu alikuwa ami, mdogo wake baba, tuliyekaa naye nyumba moja, yeye chini na sisi juu. Ami hakukataa. Angekataa ningelia, na kulia nakujua. Yeye alicheka.

"Ualimu!" alimwambia mama, kana kwamba mimi simo ukumbini. "Huyu hajapata kuvuka Darajani peke yake. Atawaongoza watoto wa watu kwenda wapi?"

"Watakuwa wamekaa darasani, ami," nilisema. "Hawaendi mahali."

"Basi hao ndio wagumu zaidi."

Kisha akaweka sharti lake. Kila mwaka wanawake wa nyumba yetu na jirani zao walikwenda mandari, kula na kuimba shambani kutwa nzima, na kila mwaka, alisema ami, walirudi giza limeshaingia, sufuria moja imesahauliwa Mtoni na bibi mmoja amesahauliwa Bububu. "Mwaka huu panga wewe. Wote waliozoea kualikwa waende, asipungue hata mmoja, na mrudi mlango huu kabla ya adhana ya Maghribi. Ukiweza hilo n'tatia saini. Ukishindwa, hiyo karatasi tutafungia bizari."

Ami mwenyewe katika maisha yake hajapata kupanga kitu isipokuwa kiti chake barazani, akikisogeza kivuli kinaposogea. Lakini saini ilikuwa yake. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Ninyi mliozoea safari hamtajua nilivyofurahi. Nilikuwa na kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, na ndani yake mlikuwa na watu wanaokwenda kwa siku moja kutazama ngome ya kale juu ya kilima. Wanapanda treni asubuhi, na kapu la mikate. Treni inaondoka kwa dakika yake. Wanapanda kilimani, wanaitazama ngome, wanasema maneno mazuri juu ya wafalme waliokufa, wanarudi nyumbani kunywa chai. Hakuna aliyechelewa. Hakuna aliyegombana juu ya paja la kuku. Niliisoma sura ile mpaka ukurasa ukalegea, na nikiinua macho nikawaona shangazi zangu wamejinyoosha mkekani, nikawadharau.

Na sisi tulikuwa na kilima chetu, Kidichi, na juu yake mabaki ya jumba la mfalme wa zamani: kuta, na hamamu yake ya kuogea yenye makuba. Hata reli tulikuwa nayo zamani, kutoka mjini mpaka Bububu, chini ya kilima kile kile. Gari la moshi liliacha kwenda kabla sijazaliwa. Sikupata kuliona, na labda ndiyo maana nililipenda. Katika mawazo yangu lilikuwa kitu pekee cha kisiwa hiki kisichongoja mtu.

Kwa hiyo nilipanga safari ya treni bila ya treni. Ami alikodi gari la shamba, lile la ubao lenye mabenchi, mimi nikalitengenezea ratiba kwa dakika. Kuondoka mlangoni saa mbili kamili. Mtoni saa mbili na dakika ishirini. Bububu saa tatu kasorobo. Kupanda kilima kwa miguu, nusu saa, na wenye magoti mabovu niliwaongezea dakika kumi. Kutazama magofu. Kula. Kusali. Kushuka saa tisa na nusu. Mlangoni saa kumi na moja, saa nzima na zaidi kabla ya adhana, kwa ajili ya pancha. Nililiwazia kila jambo. Usiku niliamka kuongeza mstari: "Maji ya kunawa, ndoo mbili."

Sasa vikaratasi. Kwetu wanawake hawaalikwi ovyo. Kuna mwanamke ambaye kazi yake ni kualika. Huvaa buibui lake safi, akapita nyumba kwa nyumba, akapanda ngazi, akakaa, akatafuna tambuu, akauliza habari za kila aliye hai na kila aliyekufa, ndipo akasema: fulani anakualikeni siku fulani. Aliyealikwa kwa mdomo wake amealikwa. Wa mtaani kwetu alikuwa bibi mnene, mwenye sauti ya kuita watu walioko Pemba. Nilimdharau kuliko wote. Hakujua saa. Akiambiwa saa mbili kamili alikuwa akisema "asubuhi asubuhi", na asubuhi yake haina mwisho.

Nilimwacha. Nilikata tiketi ishirini kwa karatasi ngumu, nikapiga mistari kwa rula, nikaandika kwa wino mwekundu: nambari ya kiti, saa ya kuondoka, na chini yake, kwa herufi kubwa, GARI HALINGOJI. Zilizoharibika nilizichana, nazo zilikuwa nyingi kuliko zilizobaki. Mama alisimama nyuma yangu.

"Mwanangu, watu hawaalikwi kwa karatasi."

"Wazungu wanaalikana kwa karatasi, mama."

"Na hao Wazungu wanakuja kula kwangu?"

Nilichovya kalamu tena. Dobi alikuwa akipita nyumba zile zile zote siku moja, nami nikaona hiyo ni akili kubwa kabisa. Ukitoa tatu za nyumbani kwetu, kila tiketi niliilaza juu ya nguo zilizokunjwa za nyumba yake.

Siku ya mandari, saa mbili kasoro dakika tano, gari lilikuwa mlangoni. Sufuria zimo ndani, mikeka imo, ndoo mbili zimo. Mama na shangazi zangu wawili wamekaa kwenye viti vyao vyenye nambari. Abiria wengine, hakuna. Saa mbili kamili. Saa mbili na robo. Dereva alizima mashine akajilaza juu ya usukani. Ami alikuwa barazani na kikombe cha kahawa, anatazama njia juu na chini kwa utulivu.

"Treni yenu," aliniuliza, "ishaondoka au haijafika?"

Ikapata saa tatu. Mama alishuka garini bila ya kunitazama. "Kamwite," alisema. Hakuhitaji kusema nani.

Yule bibi mwalikaji nilimkuta amekaa kitako uani kwake, anachambua mchele. Nilimwamkia. Aliitikia, akaendelea na mchele.

"Nasikia siku hizi dobi anaalika," alisema.

"Nisamehe, bibi. Nilikosa."

"Hujakosa. Umesoma." Alitoa kokoto, akaitazama, akaitupa. "Haya, ngoja nivae. Na wewe n'takwenda na wewe. Usimame nyuma yangu, ufunge mdomo."

Nilisimama nyuma yake ngazi kumi na saba. Nilisikia yote. Nyumba ya kwanza mwenye nyumba alikuja na tiketi yangu ameishika kwa ncha za vidole. "Mie sina kesi, sina kodi," alisema. "Nakunjua shuka yangu ya kulalia, linatoka karatasi lina wino mwekundu. Moyo umenipasuka. Nikajua nnaitwa kortini." Nyumba ya pili hawakuwa na mtu wa kuisoma, walikuwa wanamngoja mtoto wao wa kiume arudi safari, na safari yenyewe ya mwezi. Nyumba ya nne bibi mmoja mkongwe, niliyemwandikia kiti cha mbele kwa heshima, alisema maneno haya, nami nayakumbuka neno kwa neno: "Gari halingoji? Na mimi singoji. Mwambie huyo mtoto nimemlea baba yake mgongoni."

Bibi mwalikaji hakubishana na yeyote. Alikaa, akapokea tambuu, akauliza juu ya jino, juu ya mjukuu, juu ya paa linalovuja. Kisha akasema, "Basi mnaalikwa, mwanangu, na anayekualikeni ni mama yake huyu, na huyu hapa amekuja kukuombeni radhi kwa miguu yake." Wakainuka. Kila mmoja aliinuka. Na kila mmoja akataka kuoga, akataka kujifukiza udi, akataka kupita kwa ndugu yake amchukue naye. Tulipofika garini ilikuwa saa tano na nusu na tulikuwa ishirini na saba.

Nilijaribu kusema juu ya nambari za viti. Hilo nalo nakiri. Yule bibi mkongwe alikuwa amekaa kiti cha shangazi mkubwa na kapu lake kaliweka kiti cha mama.

"Bibi, nambari yako ni ya mbele."

"Mwanangu, mie sikalii nambari," alisema. "Nakalia matako yangu."

Gari zima likacheka mpaka dereva akacheka. Tuliondoka hivyo, na ami alitupungia mkono kwa kikombe.

Njiani tulipita ilipokuwa ikipita reli. Nilikaa na saa yangu ya mkono, nikihesabu tumepoteza nini na tunaweza kukomboa nini. Shangazi mkubwa alianza kuwahadithia wadogo juu ya gari la moshi, jinsi lilivyokuwa likitoa cheche zinazotoboa mabuibui na kuchoma miavuli. Nilisikiliza kwa sikio moja. Kisha akasema:

"Na raha yake lilikuwa linangoja. Mtu akipunga mkono kutoka mlangoni kwake, linasimama. Bibi yenu alikuwa akilisimamisha mpaka amalize kufunga kanga."

"Si kweli," nilisema.

"Wewe ulikuwapo?"

Nilirudia kutazama saa yangu mpaka Bububu. Kuna watu hupoteza imani kwa mambo makubwa. Mimi nilikuwa karibu kulia kwa sababu treni iliyokufa ilikuwa na adabu.

Kilimani tulifika saa saba na nusu. Walipanda wanatweta, wanasimama kila mkarafuu, na walipofika juu wakaliona jumba langu la mfalme: kuta zilizoota majani, ng'ombe mmoja amefungwa kamba kivulini mwake, na ile hamamu, ambayo shangazi mdogo alitia kichwa mlangoni akakitoa upesi.

"Popo," alisema. "Hiki ndicho tulichoamshiwa?"

Lakini watu hawa ninaowacheka walijua kitu ambacho mimi sikukijua. Walitandika mikeka ukutani mwa mfalme kana kwamba ni wao waliomrithi. Walisali, walikula wali wa nazi na kuku, wakagombana juu ya mapaja, wakapatana. Yule bibi mkongwe aliingia hamamuni na popo wake wote, akakaa ukingoni mwa birika kavu, akaita, "Nileteeni maji, suria wa Sultani anaoga!" na wenzake wakaanguka kwa kucheka. Waliimba mpaka ng'ombe akageuka kuwatazama. Wanasema mle ndani kuna ndege na maua yaliyochongwa kwenye chokaa, kazi ya mafundi wa Kiajemi. Sikuyaona. Nilikuwa mlangoni, nahesabu vichwa: ishirini na tano, ishirini na sita, ishirini na tano. Leo mtu akiniuliza Kidichi kukoje, sina la kumwambia. Nilifika kwa saa yangu na nikaondoka kwa saa yangu, na katikati sikuwepo.

Saa kumi kasorobo nilikuwa nimewashusha wote mpaka garini. Naona fahari hata sasa kuandika hivyo. Nilipiga hesabu: tukiondoka pale pale tungefika mlangoni saa kumi na moja kasorobo, kabla hata ya wakati niliouandika mwanzo, hasara yote ya asubuhi imefutika. Niliona saini. Niliiona kabisa, na mkia wake anaouzungusha ami.

Ndipo mwanamke mmoja wa pale Bububu, anayemjua bibi mwalikaji, akaja dirishani kuamkiana, na katika kuamkiana akasema nyumba ya tatu kutoka pale wamefiwa juzi.

Mikono ikaanza kupapasa mabuibui. Nilijua maana yake kabla mtu hajanyanyuka.

"Tutakuja siku nyengine," nilisema. "Tutakuja makusudi."

Wote walinitazama. Hata mama. Si kwa hasira. Kama mtu anavyomtazama mtoto aliyesema neno chafu asilolijua maana. Kupita mlango wenye msiba, gari zima, na harufu ya kuku vidoleni, bila ya kuingia kuhani, kuwapa pole wafiwa? Walishuka. Walifunga mabuibui, wakafuta nyuso zao, wakawa watu wengine kabisa. Wale waliokuwa wakicheka hamamuni waliingia mle ndani wakalia na wafiwa machozi ya kweli, na marehemu hawakumjua.

Mimi nilikaa kwenye mkeka karibu na mlango. Wakasoma, wakaomba dua. Ikaja chai. Nani atakataa chai ya matangani? Nilimkasirikia yule maiti. Nataka kuliandika hilo wazi, maana nimejaribu mara nyingi kuliandika kwa namna nyengine. Mtu ameacha wake na watoto, na mimi nilikuwa nikisema moyoni, angengoja siku mbili tu.

Tuliondoka Bububu jua linakaribia kuzama. Adhana tuliisikia Mtoni, kisha msikiti mwengine, kisha mwengine, ikitufuata njia nzima. Dereva aliwasha taa. Wote walikuwa wanajua sharti la ami. Nyumba zetu hazina siri ya kukaa siku mbili. Kisha bibi mwalikaji, kutoka nyuma, kwa sauti ambayo kwake ni ya kunong'ona:

"Jamani, mmesikia adhana?"

"Mie nimesikia mashine ya gari," alisema yule bibi mkongwe.

"Mie masikio yana maji."

"Tumefika jua limo," alisema bibi mwalikaji. "Au vipi?"

"Jua limo!" wakasema, karibu wote.

Walikuwa wananipa zawadi. Wale niliowapelekea wito kama washitakiwa, waliobembelezwa ngazini, walikuwa wamekubaliana kusema uongo kwa ajili yangu, na kuniuliza hawakuniuliza. Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa msichana asiyeweza kuvumilia mstari uliopinda. Nilitazama nje.

Tulipofika, kiti cha ami kilikuwa kitupu. Alikuwa msikitini bado, au ndivyo tulivyoona. Sufuria zilishushwa kwa haraka ya wezi, gari likaenda zake, wanawake wakatawanyika vichochoroni. Tulipanda, tukasali. Nilikuwa nimekaa ukumbini na karatasi na kalamu mbele yangu nilipomsikia akipanda ngazi.

Alikaa. Akaomba maji. Akanywa.

"Waliokwenda wamerudi wote?"

"Ndiyo, ami. Wote, na saba zaidi."

"Na mlifika saa ngapi?"

Mama alikuwa anafuta meza iliyo safi. Aliendelea kuifuta.

"Kabla ya adhana," nilisema. "Jua lilikuwa bado limo."

Nilisema vizuri. Ninajisomea barua yangu mara tano kabla ya kuipeleka, lakini ule uongo ulitoka safi mara ya kwanza. Ami aliivuta karatasi, akaisoma yote kutoka juu, ingawa ni Kiingereza na Kiingereza hakijui, akatia saini, na ule mkia. Akanipa mkononi. Alisimama, akaelekea ngazini, akageuka.

"Lile gari," alisema, "taa yake moja ya mbele haiwaki. Ya kushoto. Mwambieni dereva aitazame, atakuja kuua mtu."

Akashuka.

Hakuna dereva anayewasha taa jua likiwa limo. Ami alikuwa ametoka msikitini, Maghribi imeshasaliwa, akasimama mahali kandoni, akatuona tukipita. Alipanda ngazi zile akijua. Aliniuliza akijua. Alitia saini akijua.

Mama aliacha kufuta meza. Ningeweza kumwita ami arudi. Ngazi zetu ni ndefu, na alikuwa hajafika chini. Nilisikia kila hatua yake. Niliikunja karatasi nikaitia kwenye bahasha, na asubuhi yake niliipeleka.

Sasa ni mwaka wa tatu ninafundisha. Ami hajapata kulitaja tena lile gari, si kwangu wala kwa mama. Kila nikishuka kwenda kazini humkuta barazani na kahawa yake, nami humwamkia, "Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwalimu," hujibu, na lile neno la pili hulisema polepole.